Masisi: Kwenye njia ya Nyamitaba, mkanda uliokazwa vibaya unaua injini nzima

Mashofere wanaopanda kutoka Sake kuelekea Kilolirwe na Kitchanga wanakijua kimya hicho. Gari linapanda polepole, limejaa watu na magunia, injini inanguruma kama kawaida, halafu ghafla inazimika. Hakuna mlipuko, hakuna moshi. Shofere anapiga kontakti. Demareri inazunguka, lakini kwa wepesi usio wa kawaida, kama vile ndani hakuna kitu cha kuizuia. Fundi mzoefu akisikia mzunguko huo mwepesi, jambo la kwanza analofikiri ni moja: mkanda wa distribisio umekatika, au meno yake yamekwisha.

Konvuayeri anaruka chini kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu. Abiria wanashuka na mizigo yao, wanatazama jua. Kama ni saa nne asubuhi, bado kuna tumaini. Kama ni saa kumi na moja jioni, kila mtu anaanza kuhesabu umbali wa kijiji cha karibu.

Kinachouma zaidi ni pale mkanda huo unapokuwa mpya, uliobadilishwa miezi michache tu kabla. Mwenye gari analaumu duka. Duka linalaumu barabara. Lakini mara nyingine kosa halikuwa la duka wala la barabara. Lilianza garajini, siku mkanda ulipowekwa, wakati fundi alipoukaza kwa nguvu za mkono wake badala ya kuukaza jinsi injini yenyewe inavyotaka.

Milima mirefu, magari ya zamani

Nyamitaba iko katika usultani wa Bashali, teritwari ya Masisi, jimbo la Kivu ya Kaskazini. Ni nchi ya malisho, ng'ombe na mashamba ya viazi na maharagi, kwenye milima ambayo sehemu nyingi inapita mita 2,000. Mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, na ikinyesha njia inageuka tope. Fromaji, viazi na maharagi vinashuka kuelekea Sake na Goma. Chumvi, sabuni, sukari na mazutu vinapanda. Mgonjwa anayehitaji operesheni hutafutiwa njia ya kufika Mweso au Goma.

Kazi hiyo yote inafanywa na pikipiki, kamioni na magari madogo ambayo mengi yake yalitoka kiwandani miaka ishirini au thelathini iliyopita. Yanapendwa kwa sababu hayana mambo mengi ya umeme, fundi anaweza kuyafungua kando ya njia, na vipuri vyake bado vinapatikana Goma, vikitokea Kampala, Kigali au Dubai.

Vita vimefanya kusimama njiani kuwa jambo zito zaidi. Mapigano yamepita mara nyingi kwenye mhimili wa Sake na Kitchanga, na mwanzoni mwa mwaka 2023 yaliufikia mji wa Kitchanga wenyewe. Wakaaji wa eneo hilo wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Katika hali kama hiyo, gari linalozimika mlimani jioni linawaacha watu mahali ambapo hakuna aliyepanga kulala. Kuita gari lingine kutoka Sake ni gharama, na mara nyingine hakuna shofere anayekubali kupanda.

Kazi ya mkanda

Mafundi wa Goma wanauita kuroa ya distribisio. Wenzao wa upande wa Uganda wanauita taimingi beliti. Ni mkanda wa mpira wenye meno upande wa ndani, na katikati ya mpira huo kuna nyuzi nyembamba za kioo zinazouzuia usivutike.

Kazi yake ni kuunganisha mihimili miwili. Wa chini ni vilebrekeni, unaozungushwa na pistoni. Wa juu ni mhimili wa kamu, unaofungua na kufunga supapu, yaani vijilango vinavyoingiza hewa na kutoa moshi. Kila vilebrekeni ikizunguka mara mbili, mhimili wa kamu lazima uzunguke mara moja, bila kuwahi na bila kuchelewa. Kwenye injini nyingi za mazutu, mkanda huo huo unazungusha pia pompa inayopeleka mazutu kwenye silinda.

Injini ikienda kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, vilebrekeni inazunguka mara 50 kwa sekunde moja, na kila supapu inafunguka mara 25 katika sekunde hiyo. Pistoni inapofika juu, supapu inatakiwa iwe imeshajiondoa. Kwenye injini za mazutu nafasi kati ya vitu hivyo viwili ni ndogo sana. Mkanda ukikatika, mhimili wa juu unasimama, pistoni zinaendelea kupanda kwa nguvu ya mwendo, nazo zinagonga supapu zilizobaki wazi. Supapu zinapinda. Mara nyingine pistoni inatoboka au kulasi inapasuka.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na mnyororo au magia ya chuma. Kampuni ya Glas ya Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuweka mkanda wa mpira wenye meno kwenye gari la kuuzwa kwa wingi, Glas 1004, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1966 Pontiac ya Marekani na Fiat ya Italia zikafuata. Mkanda ulikuwa mwepesi, wa bei nafuu, haukupiga kelele na haukuhitaji kulainishwa na mafuta. Ubaya wake ni kwamba unazeeka, na unakatika bila kutoa taarifa.

Si kila gari linao. Kamioni nyingi kubwa zinatumia magia, na Toyota Probox inatumia mnyororo. Lakini Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L zina mkanda. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ inao. RAV4 na Ipsum za miaka ya 1990 zenye injini ya 3S zinao. Land Rover Defender yenye injini ya 300Tdi inao. Mitsubishi Pajero yenye injini ya 4D56 ina mikanda miwili ya aina hiyo: mkubwa wa supapu, na mdogo wa kupunguza mtikisiko. Mdogo ukikatika, vipande vyake vinaweza kunaswa na mkubwa na kuuharibu pia.

Kosa la kukaza sana

Fundi kijana anayejifunza kazi garajini huanza na mikanda ya nje: ule wa alternata na ule wa ventileta. Mikanda hiyo mingi haina meno ya kushika pulii. Inafanya kazi kwa msuguano. Ikilegea inateleza, inapiga kelele, na betri haipati moto. Dawa yake ni kuikaza. Fundi anasukuma alternata kwa chuma kirefu, anafunga buloni, kelele inakwisha, mteja anafurahi.

Mazoea hayo yakihamia kwenye mkanda wa distribisio, yanaleta hasara. Mkanda wenye meno haushiki pulii kwa msuguano. Unashika kwa meno. Hauhitaji nguvu kubwa ya kuuvuta; unahitaji nguvu ya kutosha tu ili meno yake yakae ndani ya meno ya pulii na yasipande juu. Nguvu yoyote inayozidi hapo haileti usalama. Inaanza kula kitu kingine.

Mkanda uliovutwa kupita kiasi unalalia galeti, ile pulii ndogo laini inayoukaza. Rulema ya ndani ya galeti inapata joto, grisi yake inayeyuka, na siku moja galeti inakwama. Mkanda unaendelea kupita juu ya galeti iliyokwama hadi unaungua na kukatika. Kwenye injini kama 3S ya Toyota, ambako mkanda huo unazungusha pia pompa ya maji, rulema ya pompa inaumia na maji yanaanza kuvuja. Mkanda wenyewe unaanza kuchanika kwenye mizizi ya meno. Dalili ya kwanza ni sauti nyembamba, kama mluzi, inayopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Mashofere wengi wanaisikia, lakini kwa kuwa gari bado lina nguvu, wanaiacha.

Joto nalo linaongeza tatizo. Injini ni chuma, na chuma kikipata moto kinapanuka. Umbali kati ya mhimili wa chini na wa juu unaongezeka kidogo, na mkanda unavutika zaidi. Mkanda uliokazwa sawasawa injini ikiwa baridi utakuwa umekaza zaidi ikiwa moto, na waliotengeneza injini wamelihesabu hilo. Lakini mkanda ambao tayari ulikuwa mkali asubuhi, utakuwaje baada ya saa mbili za kupanda milima ya Masisi kwa gia ya kwanza na ya pili?

Kosa la kulegeza

Upande wa pili kuna mafundi wanaoogopa kukaza. Mkanda uliolegea unapiga kifuniko cha plastiki kilicho mbele ya injini, na sauti yake ni ya kugonga-gonga, hasa asubuhi injini inapowashwa. Hatari yake kubwa ni kuruka jino.

Kwenye vilebrekeni yenye pulii ya meno 24, jino moja ni sawa na nyuzi 15 za mzunguko. Gari linaweza bado kuwaka, lakini linakosa nguvu, linatoa moshi, linakunywa mazutu. Mwenye gari anapelekwa kwa fundi wa pompa, pompa inafunguliwa, pesa zinalipwa, na tatizo linabaki. Mkanda ukiruka meno mawili au matatu, supapu na pistoni zinaweza kugusana.

Mara nyingi kuruka huko hutokea wakati wa kuwasha au wakati shofere anapoachia gia ghafla kwenye mteremko. Pia hutokea gari linapoegeshwa mlimani likiwa ndani ya gia: uzito wa gari unasukuma vilebrekeni irudi nyuma, na mkanda uliolegea unapanda juu ya meno. Ndiyo sababu jiwe la konvuayeri nyuma ya gurudumu lina faida kuliko watu wanavyodhani.

Namna inayotakiwa

Kwenye injini nyingi za zamani za Toyota, kazi ya kupima nguvu haikuachiwa mkono wa fundi. Iliwekewa resori. Galeti imeshikwa na buloni, na resori inaivuta kuelekea kwenye mkanda. Resori hiyo ilipimwa kiwandani. Fundi akiiacha ifanye kazi yake, mkanda unapata nguvu inayotakiwa. Akiisaidia kwa chuma au kwa bisibisi kubwa, ameshaharibu kipimo.

Kazi inaanza injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana ikiwa imelala usiku kucha. Waya wa betri unatolewa ili mtu asipige demareri kwa bahati mbaya. Vilebrekeni inazungushwa kwa ufunguo hadi alama zake, za mhimili wa kamu na za pompa ya mazutu zikae mahali pake. Kama alama hazionekani kwa uchafu, zinasafishwa kwanza. Kubahatisha hapa ndiko kunakogharimu kulasi.

Kisha galeti inazungushwa kwa kidole. Ikitoa sauti ya mchanga, au ikiyumba, inabadilishwa pamoja na mkanda. Resori inatazamwa pia: ikiwa imeachwa huru na bado mizunguko yake ina nafasi katikati, imevutika na imechoka. Mahali mihimili inapotokea panapanguswa na kuangaliwa kama mafuta yanavuja, kwa sababu mafuta yanalainisha mpira na kuufanya uvimbe. Mkanda mpya juu ya joe inayovuja hautamaliza safari zake.

Mkanda unavalishwa kuanzia pulii ya chini, na upande ambao hauna galeti unakaa umenyooka bila ulegevu wowote. Ulegevu wote unatakiwa ubaki upande wa galeti, kwa maana huko ndiko resori itakapoumaliza. Buloni ya galeti inalegezwa kidogo, karibu nusu mzunguko, ili resori ipate nafasi ya kuvuta.

Hapo ndipo inakuja hatua ambayo garaji nyingi zenye haraka huiruka. Vilebrekeni inazungushwa kwa mkono, kwa ufunguo mrefu, mizunguko miwili kamili, upande ambao injini inazungukia ikiwa inafanya kazi. Si kwa demareri. Si kurudi nyuma. Mizunguko miwili ya chini ni mzunguko mmoja wa juu, kwa hiyo kila supapu imefunguka na kufunga mara moja. Mkanda unapita kwenye pulii zote, unakaa, ulegevu uliojificha kati ya pulii moja na nyingine unasogea hadi kwa galeti, na resori inaumeza. Wakati wa kuzungusha, ufunguo ukikwama ghafla kwenye kitu kigumu, mkono unasimama hapo hapo: huenda pistoni imegusa supapu, na kulazimisha ni kuipinda.

Baada ya mizunguko miwili, alama zinatazamwa tena. Zikikaa sawa, buloni ya galeti inafungwa, bila kuisukuma galeti hata kidogo. Inazungushwa tena mara mbili, na kutazamwa tena. Kama alama moja imehama kwa jino, kazi inaanza upya. Kwa fundi aliyezoea, sehemu hiyo yote haimalizi nusu saa.

Injini zisizo na resori

Kanuni hiyo haiwezi kunakiliwa kwenye kila gari. Land Rover 300Tdi haina resori ya kuaminiwa namna hiyo. Galeti yake ina tundu la pembe nne, ambamo fundi anaingiza ufunguo wa kupima nguvu na kuusukuma hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini, kisha anafunga buloni. Anazungusha injini, analegeza, anapima tena, anafunga. Hakuna namna ya kufanya hivyo kwa kukisia, na ufunguo wa aina hiyo ni ghali. Lakini garaji tano zinaweza kuununua pamoja na kuazimana.

Injini nyingine za miaka ya 1990 zina kikazaji cha mafuta, kama mshtuko mdogo wa gari. Kabla ya kufungwa, kinabanwa polepole kwenye presi na kuchomekwa pini. Mkanda ukishakaa, pini inatolewa, nacho kinajikaza chenyewe. Anayekibana kwa haraka, kwa nyundo au kwa taya za presi, anapasua sili yake ya ndani. Kikionekana kinatoka mafuta, hakifai tena.

Kuna pia kipimo cha vidole kinachojulikana na mafundi wengi: kushika mkanda katikati ya sehemu yake ndefu kwa kidole gumba na cha shahada, na kuupindua. Ukipinduka robo ya mzunguko tu, uko sawa. Kipimo hicho si uzushi. Baadhi ya watengenezaji, kama Volkswagen kwa injini zake za zamani za esansi, walikiandika kwenye vitabu vyao. Kosa ni kukitumia kwenye injini yoyote. Sehemu ndefu ya mkanda wa gari moja si sawa na ya gari jingine, na vidole vya fundi mwenye nguvu si sawa na vya mwanafunzi wake. Kinafaa kugundua mkanda uliokosewa sana. Hakifai kuchukua nafasi ya resori.

Vumbi, taa na tarehe

Barabara ya Goma hadi Sake inapita juu ya mawe ya volkano, na vumbi lake ni kali. Nyiragongo iliporipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilifika kwenye vitongoji vya kaskazini vya Goma, na mawe ya namna hiyo ndiyo yanayosagwa kila siku na magurudumu. Chembe zake zikiingia kati ya mkanda na pulii, zinafanya kazi ya tupa. Kifuniko cha plastiki kilicho mbele ya injini kiliwekwa kuzuia hilo. Magari mengi ya zamani yamekipoteza, au kimefungwa kwa buloni mbili kati ya sita kwa sababu fundi aliyetangulia hakutaka kupoteza muda.

Kwenye tablo ya Hilux na Land Cruiser nyingi za mazutu kuna taa iliyoandikwa T-BELT. Inawaka gari likifikisha kilomita 100,000, kumwambia shofere kwamba muda wa mkanda umefika. Taa hiyo haipimi mkanda. Inahesabu kilomita tu, na kuna namna ya kuizima bila kubadilisha chochote. Gari lililonunuliwa okazio linaweza kuwa na taa iliyozimwa na konteri iliyorudishwa nyuma. Anayenunua gari la zamani bila kujua historia yake anashauriwa kuuhesabu mkanda kama umekwisha, na kuubadilisha kabla ya kulipandisha mlimani.

Mkanda unazeeka hata usipotembea. Ule uliokaa miaka dukani ukining'inia kwenye msumari umeshapata kona mahali pamoja, na nyuzi zake za kioo zinaweza kuwa zimevunjika ndani bila kuonekana nje. Haukunjwi, haupinduliwi ndani nje, haupakwi mafuta wala grisi ili uingie kirahisi. Na fundi anayetumia mkanda kama kamba ya kuzuia pulii wakati anafungua buloni, ameshauumiza kabla haujaanza kazi.

Nani analipa

Nyuma ya ufundi kuna hesabu. Magari mengi ya njia hizo hayaendeshwi na wenyewe. Shofere anamletea mwenye gari vesema, kiasi walichopatana, na kinachobaki ndicho chake. Siku gari likiwa garajini, shofere hali chochote na mwenye gari hapokei chochote. Kwa hiyo wote wawili wanamsukuma fundi amalize leo. Mwenye gari ananunua mkanda, anakataa kununua galeti kwa sababu ile ya zamani bado inazunguka. Fundi, anayelipwa kwa kazi na si kwa saa, anaona hakuna anayemlipa kwa kuzungusha vilebrekeni mara nne na kutazama alama.

Wote watatu wameokoa kidogo. Injini ikifa, wanagawana hasara kwa njia isiyo ya haki. Mwenye gari ananunua supapu, jointi ya kulasi, na pengine kulasi nzima. Shofere anakaa wiki kadhaa bila kazi. Fundi anapoteza jina. Na abiria waliobaki mlimani, na mama mkulima ambaye viazi vyake vimeozea ndani ya magunia, hakuna anayewarudishia kitu.

Goma ina shule za ufundi, kama ITIG ya Wasalesiani, ambako kijana anajifunza kwa kitabu na kwa mkono. Lakini wengi wa wanaofunga mikanda ya magari ya Masisi walijifunza kwa kutazama bosi wao. Kama bosi alikaza kwa chuma, nao wanakaza kwa chuma. Kitabu cha injini, kikipatikana, huwa cha Kifaransa au Kiingereza, na huwa kimehifadhiwa kwenye simu ya mtu mmoja. Kukichapisha kurasa mbili tu, ile ya alama na ile ya galeti, na kuzibandika kwenye ukuta wa garaji, ni gharama ya karatasi.

Mwenye gari naye ana la kufanya, hata kama hajawahi kushika ufunguo. Anaweza kuwapo siku ya kazi. Anaweza kudai aone galeti ya zamani ikizungushwa kwa kidole kabla ya kuamua kama itarudi. Anaweza kumuuliza fundi, kwa heshima: fundi wangu, umezungusha mara mbili kwa mkono, na alama zimerudi mahali pake? Fundi aliyefanya hivyo hatachukia swali. Atainama na kumwonyesha.

Mwisho, kipande cha plasta kinabandikwa juu ya kifuniko cha mkanda, na juu yake inaandikwa kwa kalamu isiyofutika tarehe na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Shofere atakayefuata, na fundi atakayefuata, watajua pa kuanzia. Asubuhi, kabla ya kuondoka Sake, injini inawashwa ikiwa baridi na kusikilizwa kwa dakika moja, boneti ikiwa wazi. Ikisikika mluzi au mgongano mbele ya injini, abiria hawapandi kwanza.